Ruta rahisi yaweza kuwa ghali: Ya kuzingatia kabla ya kununua vyombo vya umeme

MKAZI wa Majoreni, Kaunti ya Kwale, anayehitaji ruta ya intaneti au runinga mpya aghalabu hufunga safari hadi Ukunda, ama huvuka kivuko cha Likoni na kuingia Mombasa. Akiuziwa kifaa kibovu, atalipa nauli mara ya pili ili kukirudisha, tena ikiwa muuzaji atakubali kukipokea.

Kwa jamaa inayotegemea samaki, minazi na mashamba, hasara ya aina hiyo huweza kumeza akiba ya miezi kadhaa. Kwa hivyo, uamuzi wa kununua chombo cha umeme hufaa kufanywa nyumbani, kabla ya mnunuzi kusimama mbele ya kabati la duka.

Haja ya intaneti nyumbani imekua tangu mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofikishwa Mombasa. Hata hivyo, kufika kwa waya Mombasa si kufika kwake katika kila kijiji. Maeneo yaliyo mbali na miji bado hutegemea zaidi minara ya simu, na jambo hilo ndilo linalopasa kuongoza uteuzi wa ruta.

Mtandao kwanza, kifaa baadaye

Ruta yenyewe haizalishi intaneti. Kazi yake ni kuipokea na kuisambaza. Ipo inayopokea kupitia waya uliovutwa hadi nyumbani, na ipo yenye nafasi ya kutia laini ya simu. Anayenunua ile ya kwanza ilhali hakuna waya kijijini atakuwa amenunua sanduku lenye taa tu.

Njia nyepesi ya kupima ni kutia laini za kampuni mbalimbali katika simu na kuzijaribu ndani ya nyumba asubuhi, adhuhuri, na hasa saa mbili usiku ambapo watumiaji huwa wengi. Laini itakayofanya vyema nyakati zote ndiyo ya kutafutiwa ruta.

Majoreni pia haiko mbali na mpaka wa Tanzania. Mahali kama hapo, kifaa huweza kunasa mawimbi ya kampuni za ng'ambo na kumtoza mwenyewe ada asiyoitarajia. Ni vyema kuchagua ruta inayomruhusu mtumiaji kuteua mtandao kwa mkono, na kuzima huduma ya kutumia mitandao ya nje ya nchi.

Mnunuzi aulize pia iwapo ruta imefungiwa kampuni moja. Iliyofungwa huuzwa kwa bei ya chini, lakini humnyima mwenyewe uhuru wa kuhama huduma inapozorota.

Ruta nyingi za sasa hutumia masafa mawili: gigahatzi 2.4 na gigahatzi 5. Masafa ya 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri, ilhali ya 5 huwa na kasi kubwa lakini hudhoofishwa upesi na ukuta. Katika nyumba ya mawe yenye kuta nene, ruta iwekwe katikati na juu, mbali na mabati, friji na mitungi ya maji. Nyumba ndogo haihitaji ruta ya bei kubwa yenye antena nane.

Gharama isiyoandikwa kwenye kasha

Bei ya dukani ni mwanzo tu wa matumizi. Ruta ya kawaida inayotumia wati 10, ikiwaka usiku na mchana, hula takriban uniti 7 za umeme kwa mwezi.

Huduma ya setilaiti ya Starlink, iliyoanza nchini Kenya mwaka 2023, imewafaa walio mbali na minara. Lakini dishi lake la kawaida hutumia wati 75 hadi 100. Kwa wati 75, likiwaka mchana kutwa na usiku kucha, hula uniti 54 kwa mwezi. Katika viwango vya bei vilivyoanza Aprili 2023, nafuu ya wateja wadogo ilikuwa kwa nyumba isiyozidi uniti 30. Jamaa iliyokuwa katika daraja hilo ingejikuta imetolewa humo na kifaa kimoja tu.

Kwa friji, kibandiko cha nyota ndicho cha kutazamwa. Kadiri nyota zinavyozidi, ndivyo umeme unavyotumika kidogo. Friji la mtumba huenda likawa nusu ya bei, kisha likadai tofauti hiyo polepole kupitia tokeni. Hewa ya chumvi ya Pwani nayo hula chuma, hivyo ni muhimu kukagua kutu nyuma na chini ya friji kabla ya kulipa.

Wenye runinga wakumbuke kuwa Kenya ilizima matangazo ya analojia mwaka 2015. Runinga isiyo na kipokezi cha DVB-T2 ndani yake itahitaji king'amuzi, na bei yake ijumlishwe mapema.

Zawadi kutoka ng'ambo

Jamaa wengi wa Pwani wana ndugu wanaofanya kazi Ghuba, na mizigo yao huwa na vyombo vya umeme. Umeme wa Kenya ni volti 240 kwa mzunguko wa hatzi 50. Saudi Arabia hutumia hatzi 60, na baadhi ya vyombo vya zamani vya huko vilitengenezewa volti 127. Vya Marekani ni vya volti 120. Chombo cha namna hiyo kikichomekwa ukutani bila kibadilisha umeme kinaweza kuungua papo hapo.

Kabla ya kuchomeka, isomwe karatasi iliyobandikwa nyuma. Ikiandikwa “100–240V, 50/60Hz”, chombo kitafanya kazi Kenya. Ruta ya laini ya simu nayo ikaguliwe kama inakubali masafa ya kampuni za Kenya, kwa kuwa iliyotengenezewa soko la Marekani huenda isishike mtandao hata kidogo.

Bandia na haki ya mnunuzi

Mwishoni mwa Septemba 2012, Tume ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo sasa ni Mamlaka ya Mawasiliano, iliamuru simu bandia zizimwe. Waliokuwa wamezinunua kwa bei ya chini walijikuta na simu zisizopiga wala kupokea. Somo hilo halijapitwa na wakati: mnunuzi atafute alama ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS), na kwa ruta ahakikishe ni ya aina iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano.

Kipengele cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, maelezo ya kutosha, na fidia anapopata hasara kutokana na kasoro. Lakini haki hiyo huhitaji ushahidi. Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Risiti yenye jina la duka, tarehe na nambari ya kifaa ihifadhiwe pamoja na hati ya dhamana, na chombo kiwashwe dukani kabla ya kuondoka.

Wanaonunua kwa malipo ya kidogo kidogo wapige hesabu yote. Arbuni ya Sh2,000 pamoja na Sh100 kila siku kwa siku 180 ni Sh20,000. Iwapo kifaa hicho kinauzwa Sh12,000 kwa pesa taslimu, mnunuzi atakuwa amelipa Sh8,000 zaidi, pengine kwa kukosa subira ya miezi minne ya kuweka akiba.

Ruta ikishafika nyumbani, kazi moja husalia: kubadilisha nywila iliyotoka nayo kiwandani, na kuchagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Asiyefanya hivyo huenda akanunua bando kila wiki, kumbe anawanunulia pia wapita njia.