Wanaolitazama Wingu: Jinsi Dhoruba za Radi Zinavyofuatiliwa Kanda ya Ziwa

Usiku wa Jumanne, Machi 3, 2015, mvua ya mawe iliyoandamana na upepo mkali iliikumba Mwakata, kijiji kilichopo wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Watu zaidi ya 40 walifariki. Nyumba nyingi zilikuwa za udongo. Kuta zake ziliporowa na kusukumwa na upepo ziliwaangukia waliokuwa wamelala. Baada ya msiba wa namna hiyo swali la kwanza huwa moja: je, hakukuwa na mtu aliyeliona wingu lile likija?

Jibu lahitaji maelezo, maana kuliona wingu na kujua litakalofanya ni mambo mawili tofauti. Wapo watu wa kawaida, mbali na wataalamu walioajiriwa kwa kazi hiyo, ambao wamejizoeza kulitazama wingu kwa makini: walimu wastaafu, manahodha wa mitumbwi, wakulima wenye daftari la mvua, vijana wanaofuatilia picha za setilaiti kwenye simu. Hawa ni wapenzi wa hali ya hewa. Kazi yao huonekana kama mchezo hadi siku dhoruba inapokuja.

Wingu la radi huanza likiwa dogo na jeupe, mfano wa kitonge cha pamba. Jua linapoipasha ardhi, hewa iliyo karibu nayo hupata joto, hupungua uzito na kupanda. Ikiwa imebeba unyevu mwingi, unyevu huo hugeuka matone huko juu, na kugeuka huko hutoa joto jingine linaloisukuma hewa juu zaidi. Hapo wingu huwa limeanza kujilisha lenyewe. Katika ukanda wa ikweta kilele chake huweza kufika kilomita 15 na zaidi, mahali penye baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri au kupita hapo. Matone yanayorushwa huko huganda, na kadiri yanavyokaa ndani ya wingu ndivyo yanavyozidi kuvikwa barafu, hadi uzito wake uushinde mkondo wa hewa inayopanda. Hayo ndiyo mawe ya mvua. Jiwe lenye ukubwa wa yai ni ushahidi kwamba ndani ya wingu mlikuwa na mkondo wenye nguvu ya kulibeba jiwe hilo angani. Kwa sababu hiyo mtazamaji mzuri huuliza ukubwa wa mawe kabla ya kuuliza wingi wake.

Kanda ya Ziwa ina jambo lake la pekee, nalo ni ziwa lenyewe. Ziwa Victoria, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, huvuta na kutoa pumzi kama pafu. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu hujengeka juu ya vilima na mashamba yaliyo karibu na pwani; mvua za alasiri hutoka huko. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na uvuguvugu wake, na pepo za kutoka pande zote za ufuko huenda kukutana katikati ya ziwa. Zinapokutana hewa haina njia nyingine ila kupanda juu. Dhoruba huzaliwa humo kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, kisha pepo za mashariki huzisukuma kuelekea magharibi. Hii ni sababu mojawapo ya Bukoba kupata mvua nyingi kuliko Musoma, ilhali miji yote miwili imekaa ukingoni mwa maji yale yale.

Saa hizo ndizo saa za wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, katika usiku usio na mbalamwezi, mbali na ufuko. Mvuvi aliyeondoka jioni chini ya anga safi hakukosea kuisoma anga ya jioni. Dhoruba itakayomkuta ilikuwa bado haijazaliwa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hupoteza maisha kila mwaka katika ziwa zima, kwa nchi zote tatu. Ni makadirio tu, na yamejadiliwa sana, lakini hakuna mwalo usiokuwa na kisa chake.

Neno “kimbunga” nalo limeleta mkanganyiko. Vimbunga vinavyopewa majina, kama Hidaya iliyoukaribia mwambao wa Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, ni mifumo mikubwa ya baharini yenye upana wa mamia ya kilomita, na haijiundi karibu mno na ikweta. Ziwa Victoria haliwezi kukizaa. Upepo unaoezua mapaa ya shule katika kata za kanda hii mara nyingi ni kitu kingine: mporomoko wa hewa baridi. Mvua nzito inaposhuka huburura hewa, na sehemu ya matone inapogeuka mvuke njiani huipoza hewa hiyo na kuiongezea uzito. Hewa huporomoka, hugonga ardhi na kusambaa pande zote kwa kasi, kama maji ya ndoo yaliyomwagwa sakafuni. Ule ubaridi wa ghafla unaowapiga watu usoni dakika chache kabla ya mvua ni ukingo wa hewa hiyo.

Tonado ni jambo la tatu. Ni kisulisuli chenye nguvu kinachoning'inia kutoka kwenye wingu la radi hadi ardhini. Marekani hupata tonado zipatazo 1,200 kwa mwaka, kwa kuwa huko upepo wa juu hutofautiana sana na wa chini kwa kasi na mwelekeo, na tofauti hiyo hulizungusha wingu zima. Karibu na ikweta tofauti hiyo kwa kawaida ni ndogo, hivyo tonado kubwa ni nadra. Ziwani, hata hivyo, huonekana ndugu yake mdogo: mkia mwembamba unaoshuka kutoka kwenye wingu hadi majini. Wapo wanaouita joka. Sehemu kubwa ya kinachoonekana si maji yaliyonyonywa ziwani, bali ni unyevu wa hewa uliogeuka matone. Hudumu kwa dakika chache, lakini dakika hizo zatosha kuupindua mtumbwi.

Siku ya pili baada ya uharibifu, migomba husimulia kilichotokea. Ikiwa yote imelala upande mmoja, au imetawanyika kama miali kutoka mahali pamoja, palikuwa na mporomoko. Ikiwa imelala kwa kupishana na kusokotana katika ukanda mwembamba, huenda palipita kisulisuli. Mtu aliyepiga picha kabla migomba haijafyekwa ameisaidia kazi ya wataalamu kuliko aliyepiga picha ya bati lililopeperuka.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hulifuatilia wingu kwa vyombo viwili vikuu. Setilaiti huleta picha za vilele vya mawingu kila baada ya dakika chache, na kilele kinachozidi kupoa ni wingu linalozidi kukua. Rada, ikiwamo ile ya Mwanza, hutuma mawimbi yanayogonga matone na kurudi, hata ikajulikana mvua ipo wapi, ni nzito kiasi gani na inaelekea wapi. Lakini rada ina udhaifu usioepukika. Dunia ni mviringo na wimbi huenda karibu sawa na mstari ulionyooka. Kwa umbali wa kilomita 100, wimbi la chini kabisa la kawaida huwa limekwisha kupanda kiasi cha kilomita moja na nusu juu ya ardhi. Yanayotukia chini ya hapo, ambako watu wanaishi, rada haiyaoni. Pengo hilo huzibwa na macho ya watu.

Mji wa Fort Collins, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, ulijifunza jambo hili kwa gharama. Julai 28, 1997 mafuriko ya ghafla yaliua watu watano, na ilipochunguzwa ikaonekana kuwa kiasi cha mvua kilitofautiana mno kati ya mtaa na mtaa. Mwaka uliofuata, 1998, ulianzishwa mtandao wa wananchi wenye vipima mvua majumbani mwao. Mawe ya mvua waliyapima kwa kipande cha povu gumu kilichofungwa karatasi ya alumini: kila jiwe huacha alama yake.

Mapenzi haya yana mpaka wake. Mei 31, 2013, karibu na El Reno, Oklahoma, tonado yenye upana wa takriban kilomita nne ilibadili mwelekeo na kasi ghafla, ikawaua Tim Samaras, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Samaras alikuwa mtafiti mzoefu, aliyeheshimiwa kwa tahadhari yake. Wingu la radi hutazamwa kutoka ndani ya jengo imara.

Radi ndiyo iuayo kwa ukaribu zaidi. Januari 2025 iliwaua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Anayehesabu kuanzia kimweta cha umeme hadi ngurumo na asifike 30, wingu limo ndani ya kilomita kumi, na watoto waingizwe ndani, mbali na miti na nguzo. Wabaki humo hadi nusu saa ipite baada ya ngurumo ya mwisho.

Taarifa ifaayo huwa fupi: saa, kitongoji, wingu limetoka upande gani, nini kimeonekana, na mawe yakifananishwa na kitu kijulikanacho, iwe punje ya harage, gololi au yai. Mwananchi huipeleka kwa mtendaji wa kijiji, ambaye huifikisha kwenye kamati ya maafa. Mialoni hupitia kwa viongozi wa BMU. Penye majeruhi au watu waliofukiwa hupigwa 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kutoka upande wa pili, Mamlaka hutoa utabiri wa athari kwa siku tano: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Rangi hupangwa kwa kupima pamoja uwezekano wa jambo kutokea na ukubwa wa madhara yake, hivyo angalizo la njano laweza kuwa onyo la jambo zito ambalo bado halijawa na uhakika.

Kwa anayetaka kuanza kupima mvua, chombo chenye kuta zilizonyooka na rula vyatosha kwa kujifunzia. Milimita moja ni sawa na lita moja ya maji katika kila mita ya mraba. Huwekwa mahali pa wazi, mbali na paa na miti, na husomwa kila siku saa tatu asubuhi. Siku isiyo na mvua nayo huandikwa, kwa sifuri, kwa sababu nafasi tupu kwenye daftari haimwambii msomaji kama mvua haikunyesha au mpimaji hakuwapo nyumbani.