Mgongo Wazi Kwenye Mizani

Samaki aina ya mbuta hufika Obunga, hapa Kisumu, akiwa hana mnofu. Kinachoshushwa ni kichwa, uti wa mgongo, mkia, na nyama iliyong'ang'ania katikati ya miba. Tunakiita mgongo wazi. Akina mama hukikata, hukianika juani, kisha hukitumbukiza kwenye karai la mafuta yanayochemka mpaka mapezi yanakauka na kuwa mepesi kama karatasi. Jioni watu wanakila kwa ugali.

Kwenye kiwanda kilichoondoa minofu, mzigo huohuo uliitwa mabaki. Ndiyo maana anayetaka kupima ufanisi wa kiwanda cha samaki hana budi kusema kwanza ameiweka wapi mizani yake.

Kanuni ya kupima ni ya zamani. Mwanakemia Mfaransa Antoine Lavoisier alionyesha katika karne ya 18 kwamba maada haipotei, inabadilika umbo tu. Basi kilo zilizoingia mlangoni ni lazima zionekane mahali fulani zikitoka. Tuseme zimeingia kilo 100 za mbuta. Minofu imetoka kilo 40, vichwa na migongo 46, ngozi 5, matumbo pamoja na bondo, yaani kibofu cha hewa, 6. Jumla ni 97. Kilo 3 ziko wapi? Swali hilo ndilo kazi yenyewe, na si rahisi hata kidogo, kwa sababu samaki aliyetolewa kwenye barafu amebeba maji mwilini. Asipoachwa achuruzike kabla ya kupimwa, mizani itasoma maji na kuyaita samaki.

Mwaka 2011 ulitoka mwongozo wa kimataifa, ISO 14051, unaotaka kila kilo ya mabaki ibebeshwe gharama yake kamili: bei ya samaki pale mwaloni wanakoshushwa na wavuvi, barafu, mafuta ya lori, umeme, na mshahara wa aliyeshika kisu. Ukihesabu hivyo, kisu butu ni hasara kubwa. Kiwanda kinachopokea tani 10 kwa siku, kikiacha asilimia 1 tu ya uzito huo kwenye miba, kimeacha kilo 100 za mnofu.

Lakini zimeachwa kwa nani? Kisu kikinolewa, ripoti ya kiwanda inapendeza, na mgongo unaofika Obunga unakuwa mwembamba zaidi. Nyama ileile imehama kutoka sahani ya mtoto wa Kisumu kwenda kwenye boksi la kusafirishwa nje. Mimi siwezi kuita hilo kupungua kwa taka. Kipimo kinachokomea kwenye geti la kiwanda hakitoshi. Ngozi nayo ina mafundi wake mjini humu, wanaoilainisha iwe viatu na mikoba. Bondo hukaushwa na kuuzwa China kwa bei inayoupita mnofu mbali.

Vyote hivyo vina mnunuzi, kwa hiyo vinapimwa. Zile kilo 3 hazina. Zilikuwa damu, mafuta na chembe za nyama, zikafuata maji ya kuoshea sakafu hadi kwenye mfereji. Zikifika ziwani, kwenye Ghuba ya Winam, bila kusafishwa, bakteria huzila na kutumia oksijeni ambayo samaki walio hai wanaihitaji, huku naitrojeni na fosforasi zikilirutubisha gugu maji.

Nazo pia zina mizani yake. Maji ya mfereji hutiwa kwenye chupa, hufungwa, na kuwekwa gizani kwa siku 5 katika nyuzi 20 za Selsiasi, kisha hupimwa oksijeni iliyotumika. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 ziliruhusu miligramu 30 za oksijeni hiyo kwa kila lita ya maji yanayomwagwa nje. Kila miligramu inayozidi hapo inatokana na samaki aliyenunuliwa mwaloni kwa pesa taslimu, akawekwa barafu, akapakiwa kwenye lori.