Mguu Ukiwaka Moto, Chanzo Huenda Kiko Kiunoni

Nilipokuwa Kitale kwenye biashara ya mahindi, nilijifunza kwamba gunia la kilo 90 halina huruma na mgongo wa mtu wa Pwani. Asubuhi moja niliinama kusaidia kupakia lori, nikasikia kitu kimekatika kiunoni. Kufikia jioni maumivu yalikuwa yameshuka takoni, yakapita nyuma ya paja hadi vidole vya mguu, kama waya wa umeme. Nikipiga chafya, machozi yananitoka.

Mwaka huohuo rafiki yangu wa Bungoma, dereva wa bodaboda, naye alipatwa na maradhi hayohayo. Yeye alipasuliwa, mimi sikupasuliwa. Nikiwasimulia watu hapa nyumbani, huuliza: mbona ugonjwa mmoja, dawa mbili?

Baina ya pingili za uti wa mgongo mna vijito vidogo viitwavyo diski. Nje ni ganda gumu, ndani ni ute mzito. Ganda likipasuka, ute hutoka na kubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Ndiyo maana mtu analia mguu ilhali kasoro iko kiunoni. Mara nyingi huwa ni kwenye pingili mbili za mwisho, pale panapobeba uzito mwingi zaidi. Kwa wazee mshipa hubanwa kwa njia nyengine: mfupa hunenepa na njia ya mishipa ikawa nyembamba. Mzee hutembea kidogo, miguu ikafa ganzi, akainama au akakaa kitako, akapata nafuu.

Habari njema ni kwamba diski nyingi zilizotoka hupoa zenyewe. Mwili huula ule ute taratibu, na wagonjwa wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa dawa za maumivu, mazoezi na kutembea. Kulala kitandani mwezi mzima hakusaidii. Mimi nilikuwa katika kundi hili. Mwaka 2007 madaktari wa Uholanzi walitoa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 283: waliopasuliwa mapema walipona maumivu ya mguu upesi zaidi, lakini baada ya mwaka mmoja walikuwa karibu sawa na waliosubiri.

Basi kwa nini rafiki yangu apasuliwe? Kwa sababu ya kandambili. Ilikuwa ikimchomoka mguuni naye hajui. Unyayo ulikuwa hauinuki tena, unaburura. Maumivu yake yalikuwa hata yamepungua, akadhani anapona, kumbe mshipa ulikuwa unazidi kudhoofika. Watu walimwambia ni baridi, akandwe. Wengine wakamtisha kuwa ukipasuliwa mgongo hutembei tena. Akapoteza wiki kadhaa.

Hofu hiyo ina asili yake. Upasuaji wa diski ulielezwa na madaktari Mixter na Barr wa Boston mwaka 1934, na kwa miaka mingi ulihitaji kukata mgongo kwa urefu na kuitenga misuli na mfupa. Miaka ya 1970 ilikuja hadubini ya upasuaji, na miaka ya 1990 ukaja mrija mwembamba. Siku hizi mgonjwa hulazwa kifudifudi na mara nyingi hupewa nusukaputi. Daktari huhakikisha kwa eksirei ni pingili gani, hukata ngozi kiasi cha sentimita 2 au 3, husogeza nyuzi za misuli badala ya kuzikata, kisha hutoa kile kipande kinachobana mshipa. Wengi huinuka na kutembea siku hiyohiyo au kesho yake.

Lakini tundu dogo halimaanishi jambo dogo. Diski inaweza kutoka tena, ngozi inayofunika mishipa inaweza kuchanika, na jeraha linaweza kuingia vijidudu. Tena upasuaji huu hutibu mguu zaidi kuliko mgongo. Mwenye maumivu ya kiuno peke yake asiukimbilie. Na si kila mgongo unafaa tundu dogo.

Jambo jengine: mgongo unaouma pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda unaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa, ambacho bado kipo kwetu. Huo huhitaji dawa za kifua kikuu kwanza.

Rafiki yangu alipelekwa Eldoret, iliko hospitali ya rufaa ya Moi. Kutoka Kitale ni takriban kilomita 70, kutoka Bungoma ni mbali zaidi. Maumivu ya mguu yaliondoka alipozinduka. Unyayo haujarudi sawasawa mpaka leo, kwa sababu mshipa uliobanwa muda mrefu hurudi polepole, na pengine haurudi wote. Kovu lake ni dogo kuliko kidole gumba. Hasara yake ilitokana na zile wiki za kungoja.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, usiyapime maradhi haya kwa ukali wa maumivu. Pima nguvu. Jaribu kutembea kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Mguu mmoja ukikataa, mwone daktari wiki hiyohiyo, na uliza mapema SHA italipia kiasi gani.

Na lipo moja lisilongoja hata kesho: ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri, haja ndogo kukataa kutoka, au haja kubwa kukutoka bila kujijua. Hapo ni saa zinazohesabiwa, si siku. Najua ni mambo tunayoyaonea haya, hata mbele ya mke au watoto. Mwambie mtu usiku huohuo akupeleke hospitali. Mficha uchi hazai.