Mpangaji mwenzetu akiingia tiba shufaa: mkataba wa chumba tuufanyeje?

Wengi wetu tulioko Guangzhou, pande za Xiaobei na Huanshi Zhonglu karibu na jengo la Tianxiu, tunapanga kwa mkataba wa mwaka. Mwenzetu akizidiwa na madaktari wakamweka kwenye tiba shufaa, yaani kumtuliza maumivu na mateso ya ugonjwa, tunakimbilia kuchangisha nauli ya kumrudisha nyumbani. Kodi tunaisahau, lakini yenyewe inaendelea kuhesabu.

Tuelewane kwanza: ugonjwa peke yake hauvunji mkataba. Tuseme kodi ni yuan 3,000, dipoziti 6,000, na imebaki miezi minane. Mkinyamaza, mwenye nyumba anaweza kushika dipoziti yote na kudai zaidi. Mkikubaliana mapema, kwa mfano akate mwezi mmoja, zinarudi 3,000. Hiyo ni dawa, au hela ya watoto.

Fanyeni haya mgonjwa akiwa bado anaweza kusaini:

1. Someni mkataba. Kama hamkuandikiana na muda wake hauwezi kuthibitishwa, sheria ya China inauhesabu hauna muda maalumu. Kila upande unaweza kuumaliza kwa taarifa ya muda unaofaa.

2. Andikeni hati ya uwakilishi: jina la mwakilishi, kazi anayopewa, mwisho wa muda, sahihi. Msichelewe, maana kwa kawaida nguvu ya hati hiyo inaisha mgonjwa akifariki.

3. Mpeni mwenye nyumba taarifa kwa maandishi, kwa Kichina, na mtunze nakala. Mkimletea mpangaji mwingine, mazungumzo yanakuwa mepesi. Msimwingize mtu kimyakimya. Kupangisha tena kunahitaji ridhaa yake.

4. Pigeni picha chumba na mita za umeme na maji, kisha lipeni madeni yote.

5. Andikeni dipoziti itarudi lini na kwenye akaunti ya nani. Ikirudi kwenye WeChat ya marehemu, kuitoa ni kazi. Kanuni za upangaji zilizoanza tarehe 15 Septemba 2025 zinataka mkataba utaje kiasi cha dipoziti, lini itarudi na sababu za kuikata. Nje ya hapo, mwenye nyumba hakati bila sababu ya msingi.

Na anayebaki chumbani je? Kifungu cha 732 cha Sheria ya Kiraia, inayotumika tangu 1 Januari 2021, kinamruhusu aliyekuwa akiishi na marehemu kuendelea na mkataba uleule. Lakini lazima uweze kuonyesha kwamba uliishi pale. Ndiyo maana tunasisitiza kujiandikisha polisi ndani ya saa 24 baada ya kuhamia, kila mtu kwa jina lake.

Kumzungumzia mgonjwa kodi kunaonekana kama kumchimbia kaburi. Sivyo. Mwambieni polepole, ndugu zake wakisikiliza kwa simu. Wengi hupumua wakijua hawaachi deni.