JINSI WACHORAJI WA MAREKANI WALIVYOCHORA NURU

Hewa haina umbo, wala nuru haishikiki. Je, mchoraji mwenye brashi na rangi tu atawezaje kuvitia katika picha? Wachoraji wa Marekani wa karne ya 19 waliishughulikia sana kazi hii, na njia zao zafaa kujulikana na kila mwanafunzi apendaye kuchora.

Aliyewatangulia ni Thomas Cole, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1801, akahamia Marekani mwaka 1818. Yeye alichora milima na misitu ya kando ya mto Hudson. Waliomfuata walivutwa zaidi na nuru yenyewe.

Kwanza, waliangalia umbali. Kitu kikiwa mbali, hewa iliyo kati yake na macho yetu huwa nyingi. Ndiyo sababu mlima wa karibu ni wa kijani, na wa mbali ni wa buluu iliyofifia. Basi wachoraji hao walipunguza ukali wa rangi kidogo kidogo kuelekea upeo wa macho.

Pili, walipaka rangi nyembamba, tabaka juu ya tabaka, wakificha alama za brashi. Sanford Gifford alimalizia kwa kupaka vanishi mara nyingi, hata mtazamaji akaona kama anatazama bonde kupitia ukungu wa jua.

Tatu, walijua kwamba nuru yahitaji giza. Hakuna rangi iwakayo kama jua, lakini rangi angavu ikizungukwa na giza huonekana kuwaka. Frederic Church, mwanafunzi wa Cole, alionyesha hayo mwaka 1860 katika picha yake ya machweo porini, ambayo imo katika jumba la sanaa la Cleveland. Mawingu ni mekundu kama makaa. Chini yake vilima ni vyeusi na ziwa limetulia.

Katika picha hiyo hamna mtu hata mmoja. Lakini nchi ile haikuwa tupu. Sheria ya mwaka 1830 ilifungua njia ya kuwahamisha wenyeji wa asili kutoka mashariki ya mto Mississippi, na misitu ilikuwa ikikatwa. Cole mwenyewe aliisikitikia mwaka 1836.

Basi, msomaji, utazamapo picha nzuri, uliza mambo mawili: nuru yatoka wapi, na ni nani asiyeonekana ndani yake?