Baridi ya Mlimani na Mbabula Chumbani

Watu wa mbali wakisikia kwamba tunakaa karibu na ikweta, huwaza kwamba hatujui baridi. Waje walale Nyamitaba usiku mmoja wa mvua ya Novemba! Mtu akipanda mlima metre 1,000, joto hupungua karibu digrii 6. Kwa hiyo ni vema kutengeneza nyumba mwezi wa Julai au Agosti, udongo ukiweza kukauka, kabla mvua za Septemba hazijaanza.

Anza chini. Wengi hutafuta blanketi la pili, kumbe baridi yao inatoka sakafuni. Maji yakisimama karibu na ukuta, udongo huyanywa, na nyumba haikauki tena. Chimba mfereji kuzunguka nyumba, na upande wa mlima uwe mpana zaidi. Asiye na kitanda atandike majani makavu ya migomba kwa wingi, kisha mkeka juu yake, na siku ya jua ayaanike. Alalaye juu ya mkeka mtupu hupoteza joto usiku kucha, hata akijifunika vizuri.

Nyufa za ukuta uzizibe kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Hayo kwetu hayakosekani. Lakini nafasi ya juu, chini ya paa, usiizibe.

Sababu yake ni makala. Moto wa makala hauna moshi mwingi, nao watu huuona safi. Jioni mama huingiza mbabula chumbani, hufunga mlango na dirisha, watoto wanapata joto na kulala. Lakini makala hutoa hewa mbaya iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina harufu wala rangi. Hushika damu kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu haina nafasi ya kuchukua hewa njema. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, miguu hulegea. Aliyekwisha kulala pengine haamki.

Watu wa Goma na Sake wanajua mazuku, hewa itokayo ardhini penye volkano. Ile ni nzito, hukaa mabondeni. Hii ya makala hujaa chumba chote, basi kitanda kirefu hakimwokoi mtu.

Jirani wakikuta asubuhi nyumba nzima wanatapika, wengine husema upesi, "Wamepewa sumu," na jina la mtu hutajwa. Ndugu zangu, kabla ya kumtaja mtu, tazameni mbabula ililala wapi. Fungueni mlango, mwatoe wote nje penye upepo, mwalete hospitali, hata wakisema wamepona. Msipoteze saa kwa kuwanywesha maziwa. Mama mwenye mimba aje kwanza, maana mtoto tumboni huumia kuliko yeye.

Basi tutapataje joto? Ota moto jikoni, mlango wazi, kisha uende kulala. Mtoto mchanga umweke kifuani pako, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, blanketi juu yenu wawili. Hakuna mbabula inayoshinda joto hilo. Na makala yaliyofunikwa na majivu bado yanatoa hewa ile. Yatoe nje kabisa, si nyuma ya mlango.