Gurudumu Kubwa Lililongoja Tairi

Pima rimu ya Phoenix, ile baiskeli ya 28 inayobeba mkaa na magunia ya mahindi, pale tairi linapokalia. Kipenyo chake ni milimita 635. Rimu ya baiskeli ya milimani iitwayo 29 ni milimita 622 tu. Kumbe ukubwa wa 29 unatokana na unene wa tairi, na hapo ndipo penye kisa chake chote.

Baiskeli za milimani zilizaliwa Marin, California, ambako mwaka 1976 vijana walianza kushindana kuteremka njia ya Repack kwa baiskeli nzito za kizamani za Schwinn zenye magurudumu ya 26. Mmoja wao, Joe Breeze, alipounda fremu mpya mwaka 1977 aliishika saizi ileile, kwani ndiyo iliyokuwa na matairi manene. Hakuna aliyekaa akapiga hesabu kwamba 26 ndiyo bora.

Hesabu ingewakatalia. Gurudumu la 26 likikutana na jiwe la sentimita 10, ekseli yake hulazimika kupanda kwa pembe ya nyuzi 46 hivi. Ya 29, nyuzi 43. Tofauti ni ndogo, lakini kwenye mawe mfululizo mikono huisikia.

Mwingereza Geoff Apps aliliona hilo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alifunga matairi ya theluji ya Hakkapeliitta, kutoka Ufini, yenye kipenyo cha 622. Yakaadimika, na wazo likakwama. Fremu, fundi huiunda kwa mteja mmoja. Tairi linataka kalibu ya kiwandani na maelfu ya wanunuzi.

Ndiyo maana nawaheshimu sana mafundi kama Wes Williams wa Crested Butte, Colorado, walioendelea kuunda fremu za magurudumu makubwa soko likiwa halipo. Kazi yenyewe ni ngumu: gurudumu likikua, ncha ya kiatu hugonga tairi la mbele ukikata kona, na la nyuma hukaribia bomba la kiti. Fundi hubadili pembe ya usukani, hurefusha mabomba ya nyuma milimita kwa milimita, ndipo achomelee.

Mwaka 1999 kampuni ya WTB ikatoa Nanoraptor, tairi nene la 622, na baadaye kampuni ya baiskeli ya Gary Fisher ikaziingiza 29 madukani. Kwenye mbio za baiskeli za milimani za Olimpiki ya London 2012, Jaroslav Kulhavý alitwaa dhahabu juu ya 29. Nino Schurter, aliyemfuata kwa sekunde moja, alipanda 27.5, naye alikwisha kuiacha 26.